Chumba cha Mbele Kisichofagiliwa

Mimi na Mama Kindness tulitenganishwa na ua wa michongoma tu hapo Bagara, Babati, kwa hiyo kikohozi cha kwake nakijua, naye anajua leo nimepika nini. Siku hiyo aliingia kwangu bila hodi, akavuta kigoda, akasema:

"Mama Blessing, mume wangu anafuga buibui."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nyumba yao ilikuwa na chumba kikubwa kinachotazama barabara, na vyumba viwili vya uani walikoishi. Kile cha mbele kilikuwa kitupu, wakingoja kukifanya duka. Tangu mvua zikatike, buibui walikuwa wametanda humo kutoka darini mpaka dirishani. Mwanamke yeyote angeshika ufagio. Lakini kila Mama Kindness akiushika, Valence, mumewe, anang'aka: "Waache! Buibui analeta mgeni wa heri. Ukimwua umemfukuza mgeni."

"Tangu lini Valence akajua mambo ya buibui?" nikauliza. "Si ndiye aliyempiga yule wa chooni kwa ndala mpaka plasta ikabanduka?"

"Ndiyo ushangae. Wa chooni hana heri, wa chumba cha mbele anayo. Na mgeni gani huyo anayemngoja?"

Tukatazamana. Miaka ile mkoa ulikuwa mpya, Babati imejaa watu waliokuja na ofisi zao, na kina dada wa viatu vya visigino. Waume zetu walianza kuchana nywele hata siku za kazi. Valence alikuwa amenunua na manukato. Mama Kindness aliogopa jambo moja: kuletewa mke mwenza katika nyumba ambayo maji ya kufyatulia matofali yake aliyasomba yeye kichwani, akiwa na mimba.

"Anamwekea chumba," nikasema. Mdomo wangu huu! "Hataki ukizoee."

Ijumaa yake, Valence akamwambia kwa sauti tamu: "Mama Kindness, kesho nenda Mutuka ukamsalimie shangazi yako. Lala huko huko, upumzike."

Mwanamume aliyemnyima nauli ya kwenda msibani!

Jumamosi asubuhi akaaga na kikapu chake, akakata kona, akaibukia kwangu. Tukachungulia kwenye michongoma mpaka Valence akatoka, shati limenyooka, akielekea stendi. Tukaingia. Mlango wa ndani wa kile chumba haukuwa na kufuli, ulikuwa na katazo tu.

"Huyo bibie akija akute kuna mwenye nyumba," Mama Kindness akasema, akajifunga kanga kichwani.

Tukafagia dari nzima. Buibui wengine walinipandia mikononi, nikapiga makelele. Yeye anawakanyaga kimya kimya, kisigino kinazunguka kama anasaga mtu. Tukapiga deki. Tukatundika mapazia yake mazuri, tukaingiza viti na vitambaa vyake vya kudarizi, picha ya ndoa ukutani, chupa ya chai na maandazi mezani. Tukaketi.

Ufunguo ukalia kwenye mlango wa barabarani, na sauti ya Valence: "Kama nilivyokueleza, haijakaliwa siku nyingi, utaona hata buibui wamehamia. Mimi sina mke. Kule nyuma kuna mpangaji tu, nikimwambia atoke anatoka."

Mlango ukafunguka.

Nyuma yake hapakuwa na mwanamke. Alisimama mwanamume mnene wa koti jipya, mmoja wa wale waliobahatika na mawe ya thamani kule machimboni Mirerani. Akatazama mapazia. Akatazama picha, Valence ndani ya suti na bibi harusi pembeni, kisha akamtazama bibi harusi mwenyewe, ameketi chini yake.

"Karibuni," Mama Kindness akasema. "Mwenzangu yuko wapi? Mwambieni aingie, chai inapoa."

"Mwenzako nani, mama? Mimi ni Kasimiri. Nimekuja kuona nyumba. Huyu bwana ananiuzia."

Nilimwona shoga yangu akimtafuta yule mke mwenza kichwani mwake, asimpate, na mahali pake akakuta kitu kingine.

"Kwa hiyo mpangaji ni mimi," akasema.

"Mama Kindness, yalikuwa mazungumzo tu..."

"Kaka," Kasimiri akamkatiza, "nyumba yenye mke asiye na habari siinunui. Nitalalaje humu? Mama, unisamehe sana." Akachukua andazi moja kwa heshima, akatoka nalo.

Hapo ilinipasa niondoke. Sikuondoka.

Mama Kindness akammiminia mumewe chai, akamsogezea kikombe taratibu.

"Baba Kindness."

"Naam."

"Na lile shamba letu la Nakwa, bado ni letu?"

Valence akainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyake havikuwa na kamba.