Wenye Pombe

Gari la serikali lilipanda mlima likikohoa, likasimama kwenye kona ya Kwezinga, na kipaza sauti kilichofungwa juu yake kikaanza kuongea na migomba. Kuanzia alfajiri ya Saba Saba mpaka sherehe zimalizike, kilisema, ni marufuku kutengeneza, kuuza wala kunywa pombe ya aina yoyote. Wananchi watii, viongozi wasimamie. Kisha gari likageuza, likateremka na kutuachia moshi wake ndani ya ukungu.

Hakuna aliyepiga kelele. Mtu wa milimani akichukia husalimia, na jioni ile tulisalimiana kupita kiasi. "Onga mshi," kila kichochoro, "onga mshi," huku kila mmoja akimpima mwenzake kwa jicho ili ajue kama naye ana mtungi wa kuficha. Wanawake waliokuwa wakitwanga miwa walitua mchi, wakasikilizia, wakaendelea kutwanga kwa sauti ya chini, kana kwamba mchi nao una adabu.

Chanzo cha yote hayo kilikuwa Mika. Saba Saba ya mwaka uliotangulia, mgeni rasmi aliponyanyua ngumi na kusema "Uhuru!", sote tukavuta pumzi tuitikie "Na kazi!" Mika akatuwahi kwa sauti ya mtu aliyeamkia mtungini: "Na boha!" Uwanja mzima uliangua kicheko. Mgeni rasmi naye alicheka, tena alicheka kwa meno tu, na wakubwa wakicheka hivyo ujue kuna barua inakuja. Walidhani Mika ametukana, kumbe masikini alisema kweli yake. Boha ni maji ya miwa yaliyochachuliwa kwa tunda la mwegea, na kwetu haikuwa ya kulewea tu. Ngemo ya kulima kwa pamoja shamba la jirani ilitaka boha, ugomvi wa mipaka ulimalizwa kwa boha, na wafu walisemeshwa kwa boha.

Amri ilimwangukia Fanueli, balozi wetu wa nyumba kumi, mtu mwembamba mwenye kofia ya Chama na sauti nzuri ya kwaya. Ilimwangukia vibaya. Katika ukoo wao, mtu mzima akifa jina lake hufungwa. Hatajwi, haitwi, wala mtoto hapewi jina lake, mpaka mdogo wake wa kuzaliwa amwage boha chini na kumwita. Kaka yake Fanueli, Tobia, alifia kwenye mashamba ya mkonge huko chini upande wa Magoma kabla ya masika, na Fanueli alikuwa bado hajamwaga hata tone. Mara mvua, mara mkutano, mara mazoezi ya kwaya. Mchungaji alisema tambiko ni giza, Chama kikasema tambiko ni kurudi nyuma, naye akapata mahali pazuri pa kujificha katikati ya wakubwa hao wawili. Ukweli ulikuwa mwingine. Alimpenda sana kaka yake, na alijua kwamba siku atakapomwita, na Tobia asitokee mlangoni akipangusa matope ya miguu, ndipo atakapokuwa amekufa kweli.

Wakati huohuo Selina, binti wa Tobia, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Mtoto hakuwa na jina, kwani lililomngoja lilikuwa la babu yake, nalo limefungwa. Walimwita Huyu.

Jioni ile ya tangazo Fanueli alikwenda kwa mjane wa kaka yake, Zipora. Alimkuta uani, mikono imelowa hadi viwikoni, akichuja boha kwa kung'uto.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Umesikia gari?"

"Nimesikia."

"Nami nimesikia. Kaa."

Fanueli hakukaa. Alivua kofia, akaivaa tena. "Shemeji, tuahirishe. Juma moja tu, sherehe zipite."

"Boha haijui kuahirishwa. Juma lijalo itakuwa siki." Zipora alikamua makapi, akayatupa kwa kuku. "Na Selina keshokutwa anarudi kwa mumewe kule Zirai. Arudi na Huyu? Wakwe zake wakimwuliza mtoto anaitwa nani, awaambie tunamngoja balozi amalize mikutano?"

"Mimi nimepewa amri."

"Najua. Na kwa yule aliyekubeba mgongoni mpaka shule, wewe ni nani?"

Zipora alifunika mtungi kwa jani la mgomba, akaufunga kwa kamba ya mgomba, taratibu, kama anayemfunika mtu aliyelala.

"Sitauficha," alisema. "Utaukuta hapahapa mlangoni. Ukija kama balozi, uchukue. Ukija kama mdogo wake, vilevile. Nitakukaribisha."

Saba Saba ikafika na baridi yake. Uwanja wa shule ulipambwa kwa majani ya migomba na bendera za kijani za karatasi, na watu walikuja kwa wingi, kwani kutokuja kungeonekana. Lakini walikuja wakavu. Ngoma zilipigwa kama magodoro. "Uhuru!" ikaitikiwa "Na kazi" kwa sauti ya anayejibu swali la polisi. Mika mwenyewe alisimama pembeni akiwa timamu, na utimamu wake ulitutia wasiwasi sote.

Katibu wa tarafa, Ndugu Mbaraka, alikuwa mtu wa Pangani, mtu wa swala tano ambaye maishani mwake hakuwahi kuonja kileo. Hakuwa mbaya. Tulipojenga zahanati alibeba mawe pamoja nasi mpaka mikono ikachubuka. Ila aliamini kabisa kwamba pombe ndiyo mchwa wa ujamaa, na ubaridi ule wa uwanjani aliuchukua kuwa hamu ya kunywa. Akawaita mabalozi mbele, mmoja mmoja, waeleze walichokikuta.

"Nyumba zangu ni safi," alisema wa kwanza. Wa pili naye akasema zake ni safi. Wote walikuwa safi, na harufu ya boha ikipanda wazi kutoka mabondeni. Fanueli pekee ndiye aliyekuja na mtungi. Zipora aliubeba kichwani nyuma yake kutoka nyumbani, bila kushikiliwa wala kusukumwa, akautua katikati ya uwanja.

Katibu akampa Fanueli mkono. "Huyu ndiye kiongozi! Sasa, Ndugu Balozi, imwage hapa mbele ya wananchi. Iwe mfano."

Fanueli alikuwa ameshapanga. Angeupiga mtungi teke moja, ungevunjika, aibu ingekwisha. Hayo alituapia baadaye, na mimi namwamini. Alinyanyua mguu. Lakini Zipora akamnyooshea kibuyu, akasema kwa upole, "Mtungi una nyumba yake, shemeji. Tumia hiki."

Akakipokea. Akakichovya, akakitoa kimejaa, na hapo mwili wake ukamsaliti. Mikono ile haikuwa imefundishwa namna mbili za kumwaga boha ardhini. Ilifundishwa moja, na babu yake, angali mdogo. Magoti yakakunjika yenyewe. Akachuchumaa kuelekea mlimani, akashika kibuyu kwa mikono miwili, akamwaga kidogokidogo, kwa vituo, kama anayemnywesha mgonjwa. Na midomo ikaanza kutaja babu wa babu, kisha babu, kisha baba.

Hapo akakwama. Jina lililofuata lilikuwa la kaka yake.

Nyuma yake alisikia mchakacho wa nguo. Uwanja mzima ulikuwa unachuchumaa. Wazee wakakunja viganja na kupiga yale makofi mazito ya polepole, na hakuna mtoto aliyelia.

Ndugu Mbaraka alitazama kwa furaha isiyofichika. Asubuhi nzima alikuwa ameomba utulivu, sasa ameupata. Kisha akamwona Mika akitoka kwenye mahindi na kibuyu kikubwa kifuani.

"Mwaga na hii, mgosi," alisema Mika.

Fanueli akamnong'oneza, "Ya nani?"

"Ya bibi yangu. Unamjua kwa jina."

Akaimwaga. Kabla hajanyanyuka, wanawake wawili walikuwa wameshafika na mtungi, na nyuma yao mzee mwenye debe, na nyuma yake watu wakishuka njia zote na kurudi wamebeba, kutoka migombani, kutoka chini ya vitanda, kutoka kwa mabalozi wale wale waliokuwa safi. Katibu alipiga makofi. Aliwaambia mgambo kwamba hajaona wananchi walioelimika hivi tangu ahamie milimani. Fanueli alichuchumaa, akauliza, akataja, akamwaga. Shati lilimganda mgongoni kwa jasho katikati ya baridi ya Julai. Alitaja wafu wa kila mtu. Wa kwake alimruka.

Ndipo viatu vya Katibu vikasimama mbele ya uso wake.

"Ndugu Balozi, midomo yako inacheza. Unasema nini?"

Makofi yakakatika. Sote tuliona kofia ya Chama ikivuliwa, tukaona Fanueli akipakiwa garini kupelekwa Lushoto. Yeye aliona hayo, na akaona pia kwamba akisema uongo sasa, wafu wote aliowataja watakuwa wameitwa bure.

"Nasema majina, Ndugu Katibu."

"Majina ya nani?"

"Ya wenye pombe."

Katibu aliitazama ile ardhi iliyolowa, akatutazama sisi tuliochuchumaa, akatazama tena ardhi. Mpaka leo tunabishana kama alielewa.

"Vizuri," alisema hatimaye. "Basi usinong'one. Yataje kwa sauti, wenye pombe wajulikane."

Fanueli akarudi kwenye mtungi wa Zipora. Chini kulikuwa kumebaki kibuyu kimoja. Alikichota, akachuchumaa, boha ikaanza kumwagika kabla hajaita.

"Tobia!" akaita, kwa sauti yote ya kwaya aliyokuwa nayo. "Kaka! Tobia!"

Zipora ndiye aliyeitika, kwa niaba ya mjukuu asiyeitwa Huyu tena.