Mkia wa Pikapu

Siku Mkasi alipoipeleka pikapu yake gereji kurekebishwa mkia, ndugu zake walifika kabla fundi hajavaa ovaroli. Nani aliwaambia, usiulize. Msusi akipanga jambo saluni, mtaa mzima unalo kabla dawa haijakauka kichwani mwa mteja. Mama yake alikuja na uso wa vikao vya ukoo. Mama mdogo alikuja kwa sababu hapendi kuhadithiwa. Na kaka yake mkubwa, ambaye watu walimwita Kokoto kwa biashara yake ya mawe ya ujenzi, alikuja na uamuzi wake mfukoni.

Shida yenyewe haikuhitaji miwani. Mkasi alikuwa amenunua karavani kuukuu, akaweka ndani sinki la kuoshea nywele, viti viwili vya kuzunguka na kitanda chake, ili saluni imfuate mteja. Lakini kila karavani ilipofungwa nyuma, pikapu ilichuchumaa kama kuku anayetaka kutaga. Pua ilitazama juu, taa zikawa zinamulika ndege, na usukani ukawa mwepesi mpaka mikono inaingiwa hofu. Na safari ya kwanza ilikuwa kesho yake. Wateja wa mji wa jirani walishaanza kufumua nywele.

Fundi, mtu mnene asiye na haraka, alieleza kwamba njia ni mbili. Anaweza kuongeza majani kwenye springi za nyuma, chuma juu ya chuma; hayo hayasumbui, ila gari likiwa tupu litawarusha kama punda mwenye hasira. Au anaweza kuweka maputo ya mpira katikati ya springi na fremu, unayajaza upepo ukifunga karavani, unaupunguza ukiifungua. Kisha akamtupia Kokoto jicho la pembeni, akasema hakuna njia hapo inayoliongezea gari uwezo wake, na mtu akizidisha mzigo maputo yatapasuka, asije kumlilia yeye.

Kokoto alicheka mpaka tumbo likatikisika. Maputo, alisema, ni ya sherehe za watoto. Gari la kiume linawekwa majani, tena mengi. Alimwelekeza fundi ayatoe wapi na ayafunge vipi, kama vile gari ni lake na dada yake amesindikiza tu.

Pale gereji kila mtu alijua kinachotafutwa. Tangu Mkasi anunue ile pikapu, kaka yake alikuwa anaiazima kwa siku moja ambayo haikuwahi kuisha. Ilirudi na vumbi, taa imevunjika, tangi linalia njaa, halafu yeye ndiye anayenuna. Ikifungwa majani magumu, itakuwa gari la mawe moja kwa moja. Mama mdogo alikohoa kikohozi kisicho na mafua.

"Weka maputo," Mkasi alimwambia fundi.

"Na mawe yangu nibebe kichwani?" Kokoto aliuliza.

"Utajua mwenyewe, kaka. Kichwa unacho."

Hapo mama aliingilia kati. Alisema Kokoto ndiye mkubwa, ana watoto wanaomtegemea, na gari ni la familia. Tangu lini mtoto wa kike akamnyima kaka yake kwa ajili ya matairi?  Mkasi hakuwahi kumpinga mama yake hata chumbani, sembuse mbele ya mafundi walioacha kufunga nati ili wasikie vizuri.

"Mama, heshima yako iko palepale," alisema. "Lakini nilipokuwa nasimama kutwa nasuka vichwa vya watu nipate hili gari, familia haikuja kunishikia kitana. Sasa gari limepata kazi, na kazi yake si mawe. Fundi, funga."

Fundi akaingia chini ya gari.

Kokoto alitangaza kwamba dada yake akikwama njiani asimpigie simu. Mkasi akamjibu kuwa namba yake ataitunza kwa salamu za sikukuu.

Maputo yalipokwisha kufungwa, karavani ikaunganishwa. Mkia ukashuka. Fundi akajaza upepo, mkia ukapanda polepole, watu wote wameinama kuutazama, kisha ukagoma kabla gari halijanyooka. Fundi alikataa kuongeza upepo. Akafunua turubai la nyuma: nyundo za kupasulia mawe, mitaimbo, mnyororo mzito kama dhambi.

"Vya nani hivi?"

 Kokoto alimtazama mama yake, akingoja atetewe, lakini mama alikuwa ameingia kwenye karavani kukagua. Mama mdogo ghafla alikuwa na shughuli kwenye simu.

"Shusha vyombo vyako, kaka," Mkasi alisema. "Vyote."

Alivishusha kimoja kimoja, huku akinung'unika. Kila chuma kilipogusa sakafu, mkia ulipanda kidogo, mpaka pikapu na karavani zikakaa mstari mmoja na taa zikatazama barabara.

Mama alitoa kichwa dirishani mwa karavani.

"We mtoto," aliita, "hiki kitanda kinalala wangapi?"

"Wawili, mama," Mkasi alijibu, akapanda kwenye usukani. "Wasiobeba mawe."