Kigoda cha Kusingia

Naima wa Chang'ombe alikuwa na mkono. Hilo hakuna aliyebisha. Maharusi wa Temeke waligombea siku zake, maana piko alilowachora mikononi na miguuni lilidumu mpaka bwana harusi amalize fungate. Basi alipopita Keko akaona vigoda vya mninga vimepangwa nje ya karakana ya Valerian, akajiambia, mbao nayo si ngozi tu? Balaa lilianzia hapo, na shukrani pia, lakini tusikimbilie huko.

Alinunua vigoda viwili, akavichora maua yale yale ya maharusi, akavipiga picha, akaweka status. Watu wakapagawa. Anachora na sinia? Anachora. Kioo? Anachora. Kitanda cha mtoto, marufaa ya msahafu, mlango? Vyote Naima anachora! Mdomo ulikubali kazi kuliko mkono ulivyoweza. Chumba chake kikajaa vitu vya watu, kila kimoja kina ua moja, na yeye katikati hajui ashike kipi.

Kigoda cha kwanza kilichukuliwa na Bi Mwanakombo, somo aliyewafunda na kuwasinga maharusi wa Chang'ombe na mama zao kabla yao. Alikipeleka kwenye singo ya Mwajabu, binti wa mtaa wa pili, siku ya kumsugua mwali manukato kabla ya harusi. Mwali akakalishwa amevaa shuka jeupe, akasuguliwa singo ya liwa, ule unga wa manjano unaonukia, akamwagiwa maji ya waridi. Alipoinuka, maua ya Naima yalikuwa yameyeyuka, yamehamia kwenye shuka kama masizi, na mengine yamefika mahali pasiposemeka mbele ya wakwe.

"Kigoda chako kimetoa rangi," Bi Mwanakombo alimwambia kwenye simu. "Njoo kwangu."

Naima alijitanda kanga, akatoka mbio. Habari za chumba cha mwali husambaa mji mzima. Wakilitangaza jina lake, nani tena atampa mkono au mguu achore? Na kazi hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na mama yake.

"Shikamoo, Somo."

"Marahaba. Kaa."

"Somo, nipeleke kwa kina Mwajabu nikawaombe radhi."

"Huendi popote. Mie nimeshayamaliza."

"Umeyamaliza vipi?"

"Hayakuhusu. Haya niambie, una kazi gani za watu ndani kwako?"

Naima akaanza kutaja. Alipofika kwenye mlango, Bi Mwanakombo alimkatisha.

"We mtoto unataka kuolewa na waume wote kwa mpigo? Mjukuu wangu Raudha anasingwa Shaabani, Tegeta. Mie nataka kitu kimoja tu. Kigoda atakachokalia, amwagiwe maji, ainuke msafi. Sitaki sinia, sitaki kioo. Ukiweza hicho, una biashara. Ukishindwa, rudi kwenye mikono na miguu, wala si aibu."

Naima alitoka pale macho chini, lakini kifua kilikuwa chepesi. Tangu aanze ile biashara hakuwahi kujua akiamka kesho atashika nini; sasa alijua. Akarudisha masinia, vioo na marufaa kwa wenyewe, akavumilia maneno yao. Mwenye mlango alinuna. Akanune nao huo mlango wake!

Kisha akaenda Keko na kigoda alichorudishiwa na Somo. Valerian, Mhaya mwenye vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, alikigeuza kigoda kilichoharibika, akakinusa.

"Dada, hiki umekipaka nini?"

"Piko. Likakauka, nikalikwangua, nikapaka mafuta ya karafuu ling'ae. Halafu vanishi."

"Mafuta?"

"Si ndo tunavyowafanyiaga maharusi?"

Valerian alicheka mpaka akakaa chini. "Vanishi haishiki juu ya mafuta, dada! Kwani bibi harusi unampigaga vanishi?"

Naima naye akacheka, na kile kicheko kikamwondolea uzito wa siku nyingi. Valerian akampa kona ya karakana na vipande vya mbao vya kujifunzia. Akachora, akaacha pakauke bila tone la mafuta, akapiga vanishi, akasubiri, akapiga tena, kisha akakisugua kila kipande kwa liwa na maji ya waridi kana kwamba ni mwali. Vilivyotoa rangi viligeuzwa kuni za kuchemshia chai ya mafundi, na chai ilinyweka sana pale. Mpaka siku moja kitambaa cheupe kilipita juu ya mbao iliyolowa, kikatoka cheupe. Ndipo akachora kigoda cha Raudha.

Siku ya singo kule Tegeta, Naima alisimama mlangoni na ndoo ya maji, macho kwenye kigoda. Bi Mwanakombo alimsugua mjukuu wake, akammwagia maji, akammwagia tena.

"Haya, inuka, mwanangu."

Raudha akainuka. Shuka lilikuwa na umanjano wa liwa, basi. Vigelegele vikapigwa kwa ajili ya mwali, na Naima akavipokea kimyakimya kwa niaba ya kigoda.

"Leo singo imekaa sawa, Somo!" shangazi mmoja akachombeza. "Maana kwa Mwajabu uliichanganya vibaya, ukamtia mtoto wa watu masizi!"

"Tukasema uzee umemfika," mwingine akadakia. "Hata singo haijui tena!"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Bi Mwanakombo akacheka nao. "Nyie niacheni. Mkono ulinipotea siku ile."

Naima akaelewa. Kumbe ndivyo Somo alivyoyamaliza. Yule mama aliyeringia mkono wake kuliko dhahabu alikuwa amekubali kuchekwa mji mzima, ili jina la Naima lisiguswe. Naima akafungua mdomo aseme ukweli, lakini Bi Mwanakombo akamwahi.

"Naima, ndoo hiyo haina maji. Kachote."

Akaenda bombani, akachota huku analia, na kila chozi lilikuwa la shukrani. Aliporudi alipiga magoti mbele ya Bi Mwanakombo, wote wakimwona, akaishika ile mikono iliyojaa liwa, akainawisha.

"Rangi ile ilikuwa ya kigoda changu, jamani," alisema. "Somo hakukosea kitu. Ahsante, Somo. Ahsante sana."

Bi Mwanakombo akafyonza.

"Mtoto mbishi huyu," alisema, lakini mikono hakuiondoa. "Haya, nisugue na kucha."