Mabati ya Mheshimiwa

Phelista Nanyama alikuwa akikoroga uji kwa mwiko mrefu wakati naibu wa chifu alipoingia uani bila kubisha hodi.

"Mama, mgeni wa heshima anafika saa sita. Nataka viti mbele, hema juu, na hawa watoto wako waoge."

"Wameoga, Bwana Barasa. Maji ndiyo hayakufika miguuni."

Uji ulikuwa mwepesi. Mwaka huo wa 2009 gorogoro ya mahindi, kopo la kilo mbili, ilikuwa imefika shilingi mia hapa Kitale, mji ambao Kenya nzima huja kutafuta mahindi, na Phelista alikuwa na watoto ishirini na mmoja wa kulisha. Wengi walitoka Cheptais, kule mlimani, kama yeye mwenyewe. Vita vya mlimani viliwateremsha na nguo walizovaa, wengine bila baba wala mama, naye akawapokea kwenye ploti aliyoachiwa na marehemu mumewe, akidhani ni kwa muda mfupi tu.

Leo ilikuwa harambee ya bweni. Kuta za udongo zilikuwa zimesimama, mbao za paa zimepigiliwa, na juu yake hakukuwa na kitu ila mawingu. Afisa wa watoto alikuwa amesema wazi: ikifika Jumatatu bado watoto wanalala chini ya nailoni, atafunga mahali hapo na kuwatawanya kwenye makao ya mbali, ndugu huku na ndugu kule. Alisema hivyo akiwa amesimama langoni, maana ndani kulikuwa na matope na viatu vyake vilikuwa vipya.

Watu walikuwa wamejitolea. Akina mama wa kikundi cha rafiki yake Joan walitoka Bungoma na mbao walizonunua kwa kuuza ndizi na kupitisha kikapu kanisani. Fadumo, mwenye duka karibu na msikiti, alileta misumari na akakataa jina lake litangazwe. Kilichobaki ni mabati, na mabati yalikuwa yameahidiwa na mheshimiwa. Bwana huyo hakuwa mheshimiwa wa chochote. Alikuwa mwanakandarasi anayeutaka udiwani, lakini alikuwa na gari kubwa, na watu walianza kumwita hivyo mapema ili wasihangaike baadaye.

Alifika saa tisa. Nyuma yake ilikuja pikapu, na vijana wawili wakaanza kushusha mabati yaliyofungwa utepe mwekundu. Vigelegele vikapaa. Phelista naye alifungua kinywa apige chake, kisha akakifunga.

Kwenye ukingo wa kila bati kulikuwa na mstari wa rangi ya bluu.

Aliujua mstari ule. Kila mtu wa Cheptais aliujua. Mwaka uliopita uliletwa msaada wa mabati kwa watu waliochomewa nyumba, nayo yakapakwa bluu ukingoni ili yasije yakauzwa madukani. Walipanga foleni mbele ya stoo kutwa, wakaitwa majina mmoja mmoja, na kabla foleni haijafika nusu mlango ukafungwa. Yameisha, wakaambiwa. Rudini nyumbani. Nyumbani gani, hakuna aliyewaeleza.

Vigelegele vilikuwa vikififia. Walubengo, fundi wa Cheptais aliyejitolea kuezeka, alimsogelea Phelista.

"Mama, unaona?"

"Ninaona."

"Si hii ni ile yetu, bana! Wacha niseme."

"Ukisema saa hii yanarudi kwa pikapu na hutayaona tena. Chukua vijana wako mpande juu. Pigilia."

"Na shukrani?"

"Shukrani ni kazi yangu. Wewe pigilia yote."

Naibu wa chifu alikuwa tayari anampungia mkono. "Mama Phelista! Njoo umvishe mheshimiwa shuka, muimbe wimbo wa shukrani."

"Ati kabla hajakula? Bwana Barasa, wewe si mtu wa Bungoma? Mgeni mkubwa hivi tumshukuru akiwa na njaa?"

Barasa alifikiria. Yeye mwenyewe hakuwa ameonja kitu tangu asubuhi. "Basi leteni haraka."

Mheshimiwa akaletewa kuku mzima, firigisi ikiwa juu, na ugali wa moto pembeni. Mtu wa huku akishapewa firigisi hainuki kabla ya kumaliza. Akiinuka amemtukana mpishi na ukoo wake. Mheshimiwa alikula. Huko nyuma nyundo zilikuwa zinalia.

"Naona mna haraka," akasema, amefurahi.

"Mvua, mheshimiwa," Phelista akamjibu, akimwongezea mchuzi. "Mwezi wa nne hauna huruma."

Alipomaliza kunawa, Phelista alimwomba awasalimie wananchi kidogo. Hakuna mtu wa namna ile anayekataa kipaza sauti. Alizungumza juu ya vijana, barabara, wapinzani wake, na mama yake mzazi. Watu walipiga makofi pale walipoona anangoja, lakini macho yote yalikuwa kwenye paa. Mwishowe Walubengo akapigilia bati la mwisho, akasimama juu akifuta jasho, akainua nyundo.

Phelista akamvisha mheshimiwa shuka mabegani, kisha akachukua kipaza sauti.

"Mheshimiwa, sisi watu wa Cheptais tunashukuru. Mwaka jana tulipanga foleni kwa ajili ya mabati haya, tukaambiwa yameisha. Kumbe hayakuisha, yalikuwa kwako. Asante kwa kuturudishia haya. Sasa tunaomba kujua mengine yako wapi."

Mheshimiwa alicheka, akaona anacheka peke yake. "Mama, hii ni siasa. Nani amekutuma?"

"Sijatumwa. Angalia huo mstari, mheshimiwa. Si umevaa miwani mizuri?"

"Nitayang'oa yote!"

"Ng'oa. Ngazi ni ile pale."

Barasa akamnyang'anya kipaza sauti. "Mkutano umeisha! Hapa niliwapa kibali cha harambee, si cha kesi! Na wewe mama, afisa wa watoto atasikia."

"Aje hiyo Jumatatu. Atakuta paa."

Mheshimiwa aliingia garini na shuka bado mabegani. Hakuna aliyepiga kelele wala kuokota jiwe. Mzee Wanyonyi, ambaye wajukuu zake wawili walilala kwa Phelista, alienda akasimama mbele ya gari, wima, kofia mkononi.

"Mimi ni Wanyonyi, wa Cheptais. Nyumba yangu ilikuwa ya vyumba viwili."

Mwanamke mwenye mtoto mgongoni akasimama nyuma yake. Nyuma ya huyo akasimama mwingine, na mwingine tena, foleni ikajipanga yenyewe mpaka langoni, na gari halikuwa na pa kupita. Barasa alifoka watawanyike mpaka sauti ikamkauka. Dereva akazima injini.

Mheshimiwa akapandisha kioo. Wanyonyi akaja dirishani, akangoja kidogo, maana kungoja walikuwa wamekuzoea. Kisha akagonga kioo kwa kidole kimoja, kwa adabu, akarudia jina lake.