Kidole cha Keith Tunnecliffe

Wakati wa vita na Wajapani, rubani Keith Tunnecliffe alinuna alipokabidhiwa ndege yake mpya pale kambi ya Coomalie, kusini mwa Darwin. Ilikuwa ndege ya kivita hasa, ya injini mbili na mbio za ajabu, ila mafundi walikuwa wameng'oa bunduki zote puani wakapachika kamera.

"Sasa Mjapani akinijia, nimwambie atabasamu?" alimuuliza Merv, fundi wa kamera.

"Mwambie asitikisike tu," Merv alijibu huku akipangusa mikono. "Kamera nimeziunganisha na kitufe chako cha risasi. Bonyeza, basi."

Akatumwa kisiwa cha Timor, ng'ambo ya bahari, kupiga picha uwanja wa ndege wa adui. Alipofika, mawingu yalikuwa yameufunika wote. Alikuwa anageuza arudi mikono mitupu ndipo ndege mbili zikamshukia kutoka upande wa jua, na risasi zikatoboa ncha ya bawa lake. Keith akainamisha pua, akapasua mawingu akishuka kwa kasi mpaka meno yakamgongana.

Alipotokeza chini, juu ya ghuba yenye mikoko, moja ya zile ndege ilipitiliza ikawa mbele yake. Kidole kikaenda chenyewe. Alikigandamiza kitufe, ndege yake akiwa ameilaza ubavu, huku akitukana matusi yote aliyofundishwa na wajomba zake. Hakuna kilicholipuka. Alipokumbuka kwamba hana bunduki, akacheka peke yake, akazikamua injini akakimbilia baharini. Waliomfukuza wakachoka njiani, wakarudi.

"Nimekuletea mawingu na aibu," alimwambia Merv aliposhuka, akamsimulia.

Merv alicheka mpaka akakaa chini, kisha akachukua filamu akaenda kuisafisha. Alirudi na picha mbichi zikidondosha maji. Hakuwa anacheka tena.

"Hii nini?" Merv aliuliza.

"Mikoko."

"Mikoko gani ina mabomba ya moshi?"

Keith akainama. Chini ya matawi yaliyokatwa kulikuwa na meli tatu, zimejibana ukingoni.

"Na ile ndege niliyoilenga?"

"Haimo kabisa. Kamera zinatazama chini, bwana, si mbele."

Kamanda alizitazama picha, akasema anataka nyingine, za karibu zaidi, kesho asubuhi. Akauliza nani ataenda.

"Mimi," Keith akasema, akamgeukia Merv. "Ziba lile bawa, kaka. Na kitufe usikiguse."