Sponji Mpya za Hedifoni

Kila dhiki ilipobisha hodi, mjane aliziuza hedifoni za marehemu mumewe kwa fundi redio, na Mungu alipomjalia alizinunua tena. Hakuzitumia kusikiliza chochote; baada ya sala alizisogeza puani tu, maana sponji zake zilikuwa bado na harufu ya mafuta ya nywele ya mumewe.

"Mama, wewe na hizi ni chanda na pete!" fundi alimtania safari hii. "Nimekuwekea sponji mpya, bure kabisa."

"Na zile kuukuu, mwanangu?"

"Zilishakwenda na gari la taka. Zilinuka mafuta, mama!"

Angemlaumu vipi mtu aliyemtendea wema? Alizipokea kwa mikono miwili, akafungua kinywa alalamike, lakini kilichotoka ni, "Mungu akubariki."