Kioo Juu ya Ufa

Asubuhi vumbi huelea ndani ya mnara. Mwanga hupenya kwenye tundu la kurushia mishale, mwembamba kama upanga, na ndani yake vumbi hupanda, hushuka, lisiamue.

Msichana aliyehitimu uhandisi juzi tu, ambaye ukarabati wa ngome hii ni kazi yake ya kwanza, huingia kabla ya wote. Hatazami mwanga. Anatazama ufa ulioteremka kando ya mlango, na kipande cha kioo kilichogandishwa juu yake kwa jasi, ncha moja huku, ncha moja kule. Ukuta ukisogea hata kiasi cha unywele, kioo huvunjika. Ukuta hauna njia nyingine ya kusema.

Kioo kizima, mjomba mzima. Huyasema maneno hayo kimoyomoyo, kama mtu anayepapasa ufunguo mfukoni.

Maana mjomba wake, mwashi aliyemlea na kumsomesha, hushinda amechuchumaa chini ya ufa huo, akijaza chokaa kwenye msingi.

Ewe mnara, umeona mengi. Majeshi yalikuzingira, moto ukakulamba, wafungwa wakachora majina yao ubavuni mwako kwa kucha, wakulima wakakujaza nafaka. Umesimama karne nane. Simama na leo. Simama walau mpaka saa ya chakula.

Leo kioo kina mstari.

Alikisogelea, akainama. Jana alikifuta vumbi, kwa mapenzi tu, apate kukiona vizuri, na kidole gumba kikakibonyeza. Ni ukuta, au ni kidole? Akisema ni ukuta, kazi itasimama, na mvua ziko karibu. Msingi ulioachwa wazi utakunywa maji, na mnara utaanguka kwa woga wake yeye. Na akinyamaza?

Akiwa bado anawaza, mjomba alikwishaingia; chini, mwiko ulikuwa ukikwaruza. Alikuwa akiimba puani.

"Mjomba, toka."

"Chokaa itaganda, mama." Akacheka. "Mzee huyu ana miaka mia nane hajachoka, utachoka wewe uliyeanza kazi juzi?"

"Sijui kama ni ukuta au ni kidole changu. Toka kwanza. Kama ni kidole, nicheke mwaka mzima."

Mjomba alimtazama usoni. Akaweka mwiko chini, akatoka.

Wakabandika kioo kipya upande wa nje, ufa unakotokeza, wakakaa mbali kwenye nyasi. Jasi ikakauka. Msimamizi wa kazi alikuja, akatazama mawingu, akauliza watakaa hapo mpaka lini. Ukuta ulinyamaza. Aibu ilimpanda msichana shingoni, na mjomba hakumsaidia: alimweleza msimamizi kwamba ngome iliyoshinda majeshi imetekwa na kidole gumba.

Kisha, tik.

Hakuna aliyekigusa.

Hakukuwa na ngurumo. Jiwe moja lilichomoka ndani, likafuatwa na jingine, kisha kipande kizima cha ukuta kikaketi chini taratibu, kama mzee aliyechoka kusimama. Msimamizi alikwishakimbilia magogo ya kuegemeza mnara uliobaki. Mjomba hakutania tena. Aliushika mkono wa mpwa wake, akaung'ang'ania.

Kioo kimevunjika. Mjomba mzima.

Na mle ndani, pale alipokuwa amechuchumaa, mwanga ulikuwa umeingia wote, mpana kama mlango, na vumbi likishuka ndani yake, likishuka, mpaka likatua.